Sanaa na Makumbusho: Kutoka Bweranyange hadi Dar es Salaam

Kijana atokaye Kayanga au Nkwenda, aingiapo kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa sanaa ya kisasa jijini Dar es Salaam, tuseme Nafasi Art Space, kituo kilichoanza mwaka 2008, huweza kudhani kwamba anakutana na jambo lisilo na asili kwao. Historia ya Karagwe yaikanusha dhana hiyo.

Mwaka 1876 Henry Stanley alifika kwa Mukama Rumanyika, ambaye makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Huko alionyeshwa nyumba ya duara, iliyoezekwa kwa nyasi, yenye hazina za ufalme. Pamoja na mikuki, aliorodhesha bata 16 wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Mapokeo humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa alikuwa mhunzi. Hivyo basi, kufua madini na kutawala vilikuwa mambo yaliyoambatana.

Tofauti ipo, wala haifai kufichwa. Katika ukumbi wa mjini, kazi huwekwa ili itazamwe na yeyote aingiaye. Karagwe, vitu vile vilikuwa alama za mamlaka, na Stanley aliviona kwa hisani ya mfalme.

Hapa ndipo lugha inapotuhusu. Picha iliyochorwa leo twaiita sanaa, ilhali ng'ombe wa Karagwe twamweka chini ya neno makumbusho. Neno hili, litokanalo na kitenzi kumbusha, huelekeza macho nyuma: humhifadhi ng'ombe na kumsahau aliyembuni. Kumbe sanaa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kutengeneza kwa ustadi, na Kiswahili kimelitumia tangu zamani kwa kazi za mikono. Kwa maana hiyo mhunzi ni msanii kamili, na bata wale, siku walipofuliwa, walikuwa sanaa ya kisasa.

Kazi iliyo mbele yetu ni kukusanya istilahi za uhunzi katika Runyambo, kutoka kwa wazee wa Karagwe na wa Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Vitu vinaweza kudumu kabatini. Majina ya nyundo, fuawe na mivuo hudumu vinywani tu, na vinywa hivyo vinapungua. Tusipoyaandika, kijana wetu atasimama mbele ya kazi za babu zake akikosa maneno ya kuziuliza.