Shokapu za pikapu: jua haya kabla hujabadilisha

Pikapu inayoshusha kabichi na viazi kutoka Mgeta hadi Morogoro Mjini hukutana na kona, mashimo na mteremko. Ikianza kudunda, wengi hukimbilia kufunga shokapu ngumu zaidi. Subiri kwanza.

Shokapu, au shokomzoba, haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kudunda, ili tairi lishike barabara. Kama gari limelala nyuma, angalia springi au punguza mzigo.

Dalili za shokapu iliyokufa: inavuja oili, gari linainama mbele ukifunga breki, tairi linalika kwa mabaka.

Kwa njia za milimani, chagua za gesi, zenye mwili mnene. Kwenye barabara mbovu oili ya shokapu hupata moto na kutoa povu, nguvu inapungua. Gesi ya naitrojeni hupunguza povu. Mwili mnene una oili nyingi, hivyo unachelewa kupata moto.

Badilisha zote mbili za ekseli moja, na fundi akague bushi. Ila kumbuka: shokapu mpya si ruhusa ya kuzidisha mzigo. Kwenye mteremko, breki ni zilezile.