Nyasi ya Kikuyu, mteremko, na wamama wa 1948

Wasee, inboksi yangu haikosi mtu anauliza apande nini kwa ule mteremko wa nyuma ya nyumba, pale chini ya miti, mahali mvua ikinyesha udongo wote unashukia kwa jirani. Wengi washaweka nyasi ya Kikuyu tayari. Inakonda, inakauka, udongo unabaki uchi. Si makosa ya aliyewauzia. Hiyo nyasi ni mtoto wa jua.

Historia yake lakini ni tamu. Ni ya kwetu, ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Karibu 1918 ilifika California, wakaipanda kwa kingo za mitaro ishike udongo. Ikashika kweli, halafu ikakataa kutoka. Leo serikali ya Marekani imeiorodhesha kama gugu hatari. Australia nao waliipata wakati huohuo, na sisi kutoka kwao tulipata mukima, ule mti wa grevillea. Sasa mukima ndio unainyima nyasi yetu jua. Ati dunia.

Sasa turudi Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall. Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ilikuwa na hofu kuhusu mmomonyoko. Hofu yenyewe haikuwa uongo, udongo ulikuwa unaenda. Lakini nani alifinya watu kwa rizavu hadi wakalima miteremko mikali bila kupumzisha shamba? Jibu la serikali likawa kazi ya lazima: chimba matuta, bila malipo. Na wanaume wengi walikuwa Nairobi ama kwa mashamba ya masetla, kwa hivyo jembe lilishikwa na nani? Wamama. Julai 1947 mkutano mkubwa ukasema wanawake wasichimbe tena. 1948 wamama wakaenda hadi ofisi ya DC wakiimba na kucheza, wakasema nyumbani kuna kazi ya kutosha. Walishikwa, wakapigwa faini.

Kuna watu bado wanasema eti walikuwa wanapinga maendeleo. Zii. Angalia Machakos, mahali matuta ya lazima yalichukiwa vilevile. Baada ya uhuru watu wakachimba fanya juu wenyewe, kwa vikundi vya mwethya, hadi vilima vikabadilika sura. Shida haikuwa jembe. Shida ilikuwa nani ameamuru, na shamba ni la nani. Mimi niliacha chuo, lakini hii hata sekondari hatukuambiwa vizuri.

Haya, kivuli chako. Jaribu mukengeria, ile yenye maua madogo ya buluu ambayo cucu anang'oa kila siku kwa mahindi. Shina lake likigusa udongo wenye unyevu linatoa mizizi, na ndiyo maana inamsumbua. Kwa mteremko, usumbufu huo ndio unautaka. Kata vipande mvua ndefu ikianza, panda kwa mistari inayokatiza mteremko, mstari wa pili uzibe mapengo ya wa kwanza. Majani ya mukima yaliyoanguka usifagie, hayo ni blanketi. Ukiwa na shamba karibu, weka mtaro katikati, la sivyo cucu atakutafuta.

Mizizi yake ni ya juujuu tu lakini. Inashika udongo wa juu, haishiki kilima. Ukiona nyufa zimefunguka juu ya nyumba ya mtu, toa watu hapo kwanza na uite kaunti. Maua yatangoja.