Nani Alitangulia Moa?

Ukimuuliza mtu wa Moa asili yake, atakujibu hata hujamaliza swali. Huyu atasema sie Wasegeju, tumetoka Shungwaya. Yule ni Mdigo, mwenzake Mvumba, na wa nne atanyanyua kidevu akwambie babu zake ni Washirazi. Wote hao wanaishi pwani moja ndogo, kaskazini ya Tanga karibu na mpaka wa Kenya, ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Mkinga. Na ukiwasikiliza, kila mmoja wazee wake ndio waliofika kwanza!

Mie kwetu ni huko, kwa hiyo swali hili kwangu si la vitabuni tu. Katika pwani yetu ardhi inaweza kuwa ya fulani na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Ukoo unaotajwa kuwa ulitangulia una neno barazani. Anayeitwa mgeni hunyamaza.

Basi tuanze na Wasegeju. Mwaka 1589 Wazimba walipoishambulia Malindi, Wasegeju ndio waliokuja kuwazuia, wakiwa upande mmoja na watu wa mji na Wareno wachache. Padri João dos Santos, Mreno aliyeandika habari hizo, anawaeleza kuwa ni wafugaji, chakula chao maziwa na damu. Hebu fikiri, ndugu msomaji: vitukuu vya wafugaji hao leo ni wavuvi wanaohesabu siku za bamvua na maji mafu.

Tena kuna jambo la lugha. Kule Bwiti na Daluni, chini ya milima ya Usambara, wako Wadaiso, ndugu wa Wasegeju. Mwanaisimu Derek Nurse alionyesha mwaka 1982 kwamba lugha yao ni jamaa ya Kikamba na Kikikuyu, yaani asili yake ni bara ya Kenya. Wasegeju wa pwani waliiacha lugha hiyo wakashika usemi wa majirani, ulio karibu na Kidigo. Wazee wanasema Shungwaya, lugha inasema bara. Si lazima mmoja awe mwongo. Shungwaya wanaitaja pia Wadigo na Wamijikenda wengine, na kuitaja ni kusema: sisi na hawa jirani zetu ni wamoja.

Lakini lugha ya nyumbani inapoteaje? Mie nadhani jibu liko kwa mabibi. Mwanamume akioa kwa jirani, mtoto hubembelezwa kwa lugha ya mama. Na kwa Wadigo wa zamani mali ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa, kwa hiyo mama Mdigo alimpa mwanawe ukoo na mahali pa kulima. Tunahesabu majina ya mababa hadi kizazi cha saba, na aliyewapa watoto makao hatumtaji.

Kisha ukaja mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana pwani hii, ndugu wa Vanga wakawa huku na wa Moa kule. Ukoo ambao haukuwahi kuuliza ni wa nchi gani ukalazimika kujibu.

Wako pia ambao nasaba yao ni fupi. Anataja babu mmoja, basi, na hapo barazani watu huangaliana. Wengi wetu tunajua sababu: mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa, na Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kabisa mwaka 1922 tu. Babu huyo hakuja na jina la ukoo kwa sababu alinyang'anywa. Ila mikono yake ndiyo iliyofyeka pori na kupanda minazi ambayo wenye nasaba ndefu wanaigombea. Kama kutangulia ni kuifanya nchi ikalike, huyu atawekwa nyuma ya nani?

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetaka kuandika habari za kwenu, usiridhike na orodha ya mababu. Uliza bibi alizaliwa wapi, alisema lugha gani, shamba lilikuwa la nani kabla. Na yule mzee wa jina moja, kaa naye pia. Uandike anachokumbuka, maana barazani hajaulizwa.