Kutoka Meza ya Chifu hadi Kadi ya Mbio

Kabla ya mbio kulikuwa na meza. Iliwekwa kivulini mbele ya ofisi ya chifu, juu yake karai, daftari na kipaza sauti cha kukodi. Jomo Kenyatta aliinadi harambee mwaka 1963, na nilipopata akili, miaka ya 1970, upande wetu wa Embu hata kupita mpaka Meru zahanati zilikuwa zikichipuka kwa mtindo huo. Kila mchango ulitangazwa kwa jina la mtoaji. Fulani, mbuzi mmoja. Fulani, shilingi ishirini. Mheshimiwa na marafiki zake, elfu kumi, na akina mama wakapiga vigelegele. Aliyekuwa na shilingi mbili naye alitangazwa, ndiyo maana wengine siku hiyo waliugua ghafla wakabaki nyumbani.

Hesabu ya wazee ilikuwa rahisi. Ukishasimamisha kuta na kuezeka mabati, serikali itaona haya kuliacha jengo tupu, italeta mtumishi. Kwa hiyo serikali ilipewa kuta, ikadaiwa muuguzi. Katika kijiji kimoja cha Mbeere, muuguzi huyo nilikuwa mimi. Nilikuta jengo limepakwa rangi, jiwe la msingi lina jina la mkubwa aliyelizindua, na friji ya chanjo ya mafuta ya taa haina hata tone la mafuta. Nilipouliza, mzee wa kamati alinijibu bila kuona haya: “Sista, hakuna mtu huitwa harambee ya mafuta ya taa.”

Jibu hilo limenifuata kazi yangu yote, na ndilo ninalolitumia kupimia mbio za hisani.

Si kwamba uchangishaji wa hospitali ulianza na harambee. Chogoria, ambako siku hizi ni Tharaka-Nithi lakini zamani tuliita Meru tu, Dkt. Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika mwaka 1922, na baba mkwe wake, Ernest Carr, akafungua mfuko wake. Mtu mmoja na pochi yake. Harambee iliigawa pochi hiyo kwa lokesheni nzima. Kutembea kwa kadi nako kukaja na jambo jipya: anayeomba atoe jasho kwanza.

Mara ya kwanza kuiona kadi hiyo nilikuwa msichana wa shule, wakati wa matembezi ya kampeni ya Freedom from Hunger. Unaandika majina ya wafadhili wako na kiasi watakachotoa kwa kila kilomita, kisha unatembea. Mjomba wangu aliandika senti hamsini akidhani nitachoka kilomita ya tatu. Hakuwa ameniona nikipanda kutoka mto Ena na mtungi wa maji.

Uzuri wa kadi ni kwamba haina kipaza sauti. Wa senti hamsini na wa shilingi mia wako kwenye karatasi moja iliyokunjwa mfukoni mwa mtoto. Baadaye Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilipowabana wakubwa wasigeuze ofisi zao kuwa mahali pa kuchangisha, meza ya chifu ilipoteza nguvu, na kadi ikapata nafasi.

Wakati huo Lewa walikuwa wameshaanza mbio zao za hisani. Lewa iko kaunti ya Meru, ingawa ukimuuliza mtu wa Nkubu atakuonyesha kidole upande wa Isiolo. Ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya familia ya Craig, ikawa hifadhi ya vifaru, na mwaka 2000 hifadhi hiyo pamoja na shirika la Tusk la Uingereza wakaanzisha mbio. Njia ni murramu, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mzunguko wa kilomita 21 ambao wa marathoni huuzunguka mara mbili, huku helikopta na askari wakiangalia tembo na simba wasikaribie. Pesa zake huenda kwa wanyama, na pia kwa shule, maji na kliniki za vijiji jirani. Kuna walioguna kwamba mzungu amelipa kuja kukimbia mbele ya simba. Mimi siguni. Mtoto akichanjwa, sindano haiulizi nani alikimbia.

Kisha ikaja Beyond Zero. Utafiti wa kitaifa wa 2008–09 ulikuwa umekadiria vifo 488 vya akina mama wazazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Januari 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wakati huo, akazindua kampeni hiyo ya kupunguza vifo hivyo, Machi akaongoza nusu marathoni Nairobi, na Aprili akamaliza marathoni ya London kwa zaidi ya saa saba. Muda huo wengine waliucheka. Sisi wakunga hatukucheka, maana tunajua kazi isiyo na haraka. Kila kaunti kati ya 47, Embu na Meru zikiwemo, ilipata kliniki ya magurudumu. Gari likaja kwa shangwe. Dizeli, dereva na muuguzi vikabaki kuwa mzigo wa kaunti, na sehemu kadhaa nchini gari lilionekana likiwa limeegeshwa.

Kijijini kwetu tulikimbia kwa ajili ya mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Mtoto wa nimonia alikuwa akipelekwa hospitali ya Embu Level Five kwa bodaboda, katikati ya mama na dereva. Bodaboda wakachanga, mwenye duka la dawa akachanga, wanaokimbia wakakimbia, na sisi wenye magoti mabovu tukatembea nyuma. Mashine ikanunuliwa. Lakini hiyo hunywa stima, na stima ya Mbeere hupanda na kushuka inavyotaka. Bila stebolaiza itaungua, na chujio lake lazima lioshwe kila wiki.

Kwa hiyo nikazunguka sokoni na kadi ya mbio za pili. Mfanyabiashara wa muguka, mtu mkarimu sana, aliisoma akanirudishia.

“Cucu, hapa umeandika bili ya stima. Mimi stima nalipa yangu.”

“Mtoto akikosa pumzi kwa sababu stima imekatwa?”

“Andika mashine. Mashine nitatoa elfu mbili.”

Nikamwambia stebolaiza ni mashine pia. Akafikiri, akauliza kama ina taa inayowaka. Nikasema inayo, nyekundu na kijani. Akatoa simu, akatuma.