Shauri la wamama: kutoka chisungu mpaka lopitali

Kila kabila lina mambo ambayo mama anamwambia binti yake kwa sauti ya chini. Magonjwa ya uke ni mamoja ya yale.

Zamani, kwa Wabemba, msichana aliyeona mwezi wa kwanza aliingizwa mu chisungu. Mwalimu wake alikuwa nachimbusa, mama mkubwa mwenye kuheshimiwa. Audrey Richards, Mwingereza, aliona sherehe ile mu 1931, pale panapoitwa leo Zambia, akaiandikia kitabu mu 1956. Faida moja ilikuwa hii: binti alipata mama wa kuuliza bila haya.

Union Minière iliundwa mu 1906. Wafanyakazi wengi wa kwanza walitoka ng'ambo ile ya mpaka, bila wake zao. Toka miaka ya 1920 kampuni ilitaka waishi na jamaa, njo kambi zikajaa wamama, hapa kwetu Jadotville, mji ulioitwa Likasi toka 1966. Lopitali za kampuni ziliangalia pia uzazi na watoto. Lakini bibi mzee, mwenye kuulizwa, alibaki mukini.

Kilichofuata mji ni desturi ya kujiosha ndani kwa sabuni, ao kuweka mizizi ili mwili ukauke. Desturi hii inaumiza. Mu 1892 munganga Mjerumani Albert Döderlein alionyesha kama ndani ya uke mnaishi vijidudu vyema vinavyotengeneza asidi na kulinda mwili. Ukivifukuza, unafungulia ugonjwa mlango. Ngozi ikichubuka, hata ukimwi unapita upesi. Maji safi inje tu, inatosha.

Tujue basi magonjwa matatu. Kandida inawasha sana na kutoa uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda. Inapenda mimba, ugonjwa wa sukari na dawa za antibiotiki. Ya pili inakuja vijidudu vyema vikipunguka: maji ya kijivu, harufu ya samaki. Ya tatu, trikomonasi, inapita kwa kulala pamoja. Bwana na bibi wote wawili watumie dawa.

Hapa njo nyumba zinavunjika. Mke akijikuna, bwana anasema: «Ulitembea inje!» Lakini kandida si ushahidi wa uzinzi. Hata trikomonasi inaweza kukaa muda mrefu bila alama, zaidi kwa mwanaume. Haisemi nani aliileta wala lini. Kwa kuogopa neno lile, mama anaficha, ananunua vidonge sokoni bila kupimwa, ugonjwa unakomaa. Maumivu ya tumbo la chini pamoja na homa, ao damu kisha kulala na bwana ama kisha hedhi kukoma kabisa, yanaomba munganga bila kukawia.

Mila si mzigo wa kutupa wote wala wa kubeba wote. Mizizi ya ndani tuiache. Kiti cha nachimbusa tukirudishe mu nyumba zetu: mama mmoja anayejua, anayesikiliza, na anayesindikiza binti mpaka lopitali.