Nani Amtazame Diwani?

Sisi tuliozaliwa baada ya Azimio la Zanzibar tulilisoma Azimio la Arusha kama jibu la mtihani: tarehe, mahali, masharti ya viongozi, halafu mada inayofuata. Nilipolirudia nikiwa mtu mzima nilisimama kwenye sehemu ambayo darasani tuliivuka haraka, ile inayoeleza kiongozi ni nani. Mawaziri na wabunge wamo, kama nilivyotarajia. Lakini kwenye orodha hiyohiyo wamo pia madiwani. Mzee aliyechaguliwa na kata yake kusemea kisima na barabara ya vumbi alifungwa na miiko ileile iliyomfunga waziri.

Swali la nani amchunge diwani ni kubwa kuliko linavyoonekana. Diwani hupitisha bajeti ya zahanati na vyumba vya madarasa. Hukaa kwenye kikao kinachojadili viwanja, masoko na ushuru. Wengi wetu hatutakutana na waziri maishani, lakini kwa diwani tunakwenda na kandambili. Akila, anakula mbele yetu. Ndiyo maana nimefuatilia jinsi nchi yetu ilivyojaribu, kwa zaidi ya karne moja, kupata mtu wa kumtazama.

Neno lenyewe lina historia. Katika Kiarabu na Kiajemi, diwani ni daftari: kwanza la majina na malipo ya dola, baadaye ofisi inayotunza daftari hilo, na pia mkusanyo wa mashairi. Maana hii ya mwisho tunayo bado. Shaaban Robert aliita vitabu vyake Diwani ya Shaaban. Katika pwani ya Mrima neno likawa cheo cha wakuu wa miji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza jinsi majumbe walivyotawazwa, ada walizotoa na karamu walizotakiwa kuandaa. Mkubwa alipimwa kwa mkono wake: anayekula peke yake hakuwa na heshima. Ulikuwa uangalizi wa aina yake, ingawa walioufaidi zaidi walikuwa wakubwa wenzake na wenyeji waliokuwa na haki ya kuketi karamuni. Mtumwa na mgeni hawakuwa na la kusema.

Waingereza walileta mtazamaji mwingine. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliweka mfumo wa utawala kupitia machifu, kila mamlaka ya wenyeji ikiwa na hazina yake. Bwana shauri alikagua daftari la kodi, na chifu aliyekutwa na upungufu aliweza kuvuliwa cheo. Lakini kilicholindwa hapo kilikuwa fedha ya serikali. Chifu aliyewaonea watu wake huku hesabu zikiwa sawa hakuwa na shaka kubwa ya kupoteza kiti.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilifungua njia ya mabaraza yenye wajumbe, na serikali ikataka baadhi yake yawe ya watu wa rangi zote. Watu wa Geita walilikataa baraza la namna hiyo mwaka 1958, na wengi wakaenda hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Hawakulalamikia mjumbe mmoja aliyekula fedha. Walikataa baraza ambalo hawakuliomba, lililowekwa juu yao na watu ambao hawangeweza kuwaondoa. Kwangu mimi, hapo ndipo historia ya maadili ya madiwani inapoanza hasa, maana kabla ya kuuliza kama mjumbe ni mwaminifu lazima kwanza tujue anawajibika kwa nani.

Baada ya Uhuru machifu waliondolewa na halmashauri za wilaya zikachukua nafasi yao. Zilipewa mzigo mkubwa wa shule za msingi, zahanati na barabara, na mfuko mdogo wa kuubebea. Palitokea uzembe na wizi pia, na malalamiko yakafika juu. Mwaka 1966 ikaanzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, ambayo mwananchi wa kawaida aliweza kuipelekea lalamiko dhidi ya ofisa aliyetumia vibaya madaraka.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Masharti ya uongozi yalikuwa machache. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika ubepari wala ukabaila. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Azimio likaziba na mlango wa uani: kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Kuandikisha nyumba kwa jina la mama watoto hakukusaidia kitu.

Kinachonivutia ni kwamba karibu kila sharti lilionekana kwa macho. Hisa zinaweza kufichwa, lakini nyumba ya kupangisha haifichiki. Mpangaji anajua anamlipa nani mwisho wa mwezi, na jirani anajua nyumba ilianza kupanda lini. Kumchunguza diwani hakukuhitaji mhasibu wala fomu, ilitosha kukaa naye mtaa mmoja. Na miiko iliuma kweli. Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha maelfu ya wanawake kuingia TANU, alikuwa amejenga nyumba za kupangisha kwa mkopo. Alijiuzulu uongozi wa chama mwaka huohuo wa 1967.

Namwelewa Bibi Titi, na naamini hatutendi haki tukimtaja kama mfano wa tamaa tu. Mwanamke aliyeacha shughuli zake kwa ajili ya siasa, asiye na elimu ya kumpatia kazi ya ofisini, angezeeka kwa kutegemea nini? Kwa diwani swali hilo ni zito zaidi, maana udiwani haukuwa kazi ya mshahara. Miiko ilimtaka aishi kwa jembe lake au kwa kazi yake nyingine, na kwa wengi hilo liliwezekana. Lakini mfanyabiashara mdogo wa mjini, mwenye chumba kimoja cha uani anachopangisha, alihesabiwa pamoja na bepari.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa upande wa utekelezaji. Jirani aliona, lakini aliyeweza kuchukua hatua ni chama. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi waliposhika maneno hayo na kuyageuzia wakubwa wa viwanda, migomo ikazuka na serikali haikuifurahia. Mwaka 1973 sheria ikaunda kamati ya kutekeleza miiko. Macho ya watu yakawa ushahidi uliosubiri ofisi iamue kuutumia.

Wakati huo madiwani wenyewe walikuwa wanaondoka. Mwaka 1969 serikali ilifuta kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, vyanzo vikuu vya mapato ya halmashauri za vijijini. Mwaka 1972, kwa mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, halmashauri hizo zikavunjwa, na za mijini zikafuata. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani. Palibaki mabaraza ya maendeleo ya wilaya ambamo wawakilishi waliketi na kushauri. Fedha na uamuzi vilikuwa kwa wakurugenzi walioteuliwa.

Hili ndilo jibu kali kuliko yote kwa swali la maadili ya diwani: ondoa diwani. Matokeo yake tunayajua. Miji ilikosa mtu wa kuisemea, mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na kipindupindu kikazuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya nchi nzima. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo asingeyarudia kama angeanza upya.

Ungedhani somo limeeleweka. Juni 1996 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, lililokuwa limechoka kwa taka, barabara mbovu na tuhuma za ubadhirifu, na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wengi wa Dar es Salaam waliifurahia. Taka zilizolewa, barabara zikatengenezwa, mapato yakapanda, na Keenja mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Ubungo mwaka 2000. Sipendi kulipita jambo hili kimya kwa sababu linanisumbua. Walioteuliwa walifanya kazi vizuri kuliko waliochaguliwa, na mwenye kupenda demokrasia lazima alikubali hilo. Lakini Tume ilifanya vizuri kwa sababu aliyeiteua alitaka ifanye vizuri. Angebadili nia, mkazi wa Manzese angempigia nani kura ya kumwondoa?

Katikati ya hayo miiko yenyewe ilizimwa. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuruhusu kiongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupata zaidi ya mshahara mmoja. Pengo likajazwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ambayo nayo inamtaja diwani. Anatakiwa kutoa tamko la mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na anapoondoka. Tamko linakwenda kwa Kamishna wa Maadili. Mwaka 2000 zikaja kanuni za maadili ya madiwani, na halmashauri zina kamati za maadili. Diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa anatakiwa kusema na kukaa pembeni. Ni utaratibu wa kale katika sheria za miji ya Uingereza, nao ni mzuri.

Tofauti na mwaka 1967 ni kubwa. Zamani sheria iliuliza una nini, na jibu lilionekana mtaani. Sasa inauliza umeandika nini, na jibu limo katika jalada ambalo mwananchi haruhusiwi kulifungua tu kwa sababu anataka kujua. Diwani anaweza kuwa na nyumba kumi na akawa safi kabisa kisheria, mradi ameziandika zote kumi. Jirani yake anaona nyumba, haoni fomu. Hawezi kulinganisha.

Na kamati ya maadili? Humo madiwani huwatazama madiwani wenzao, mara nyingi wa chama kimoja. Mtazamaji mwenye nguvu halisi amebaki chama, kwa sababu hatuna mgombea binafsi, na diwani anayefukuzwa uanachama hupoteza na kiti. Wapiga kura hawana njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano. Upande mwingine yuko mkurugenzi, ambaye diwani anatakiwa kumsimamia, na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeshika posho ya diwani huyohuyo. Katika bajeti ya 2021/22 serikali ilitangaza kwamba madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo watalipwa na serikali kuu moja kwa moja. Ni hatua nzuri, ingawa mkono unaomlisha diwani sasa umehamia mbali zaidi na kata yake.

Kuna wanaosema tuirudishe miiko ya Arusha kama ilivyokuwa. Siamini. Katika nchi ambayo mwalimu ana bodaboda na nesi anafuga kuku, kumkataza diwani chanzo cha pili cha riziki ni kumwambia adanganye au kuwaachia udiwani matajiri. Lakini miiko ile ilikuwa na jambo moja tulilolitupa pamoja na mengine: iliandikwa kwa namna ambayo mtu wa mtaani angeweza kuitumia.

Hilo linarudishika bila kurudisha ujamaa. Fomu ya diwani ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata, pale yanapobandikwa majina ya wanaodaiwa na matokeo ya uchaguzi. Iseme ana nyumba ngapi, viwanja vingapi, na kampuni ya nani imepata kazi ya halmashauri. Isome mama ntilie aliyekwenda kulipia leseni, aisome na dereva wa bajaji anayesubiri barua ya utambulisho. Wapo watakaosema hiyo ni kuingilia faragha. Mwaka 1967 tulimwambia kiongozi kwamba hata mali ya mkewe inatuhusu, na nchi haikuanguka. Leo tunaweza angalau kumwomba atuonyeshe daftari, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya kwanza ya jina la cheo chake.