Mtazamaji wa Ngoma: Kutoka Animasyo ya Kisiasa hadi Studios Kabako

Katika Kiswahili, neno ngoma hubeba pamoja mambo ambayo Kifaransa huyatenganisha: chombo kinachopigwa, mwendo wa miili inayocheza, na mkusanyiko wenyewe. Anayesema kwamba anakwenda ngomani hajaeleza bado kama atacheza au atatazama, na kwa desturi hakuna anayemwuliza, kwa kuwa apigaye makofi, aitikiaye wimbo na aingiaye duarani wote wamo ngomani. Mtazamaji halisi, yaani mtu anayelipa kiingilio, akaketi kimya gizani na kuangalia miili ya wengine, ni mgeni katika msamiati huo. Ugeni wake nchini Kongo una historia.

Kabla mtu huyo hajazoeleka, Wakongo walikwisha kukutana na mtazamaji wa namna nyingine. Chini ya utawala wa Mobutu, katika miaka ya 1970 na 1980, shule, mashirika ya serikali na ngazi mbalimbali za MPR zilikuwa na vikundi vya animasyo ya kisiasa. Wanafunzi na wafanyakazi walicheza viwanjani na mbele ya kamera za televisheni wakiimba sifa za Rais. Ngoma za vijiji zilichukuliwa, maneno yake yakabadilishwa, na mstari ukachukua nafasi ya duara. Wapo waliofurahia sare na safari, wala si haki kulificha jambo hilo. Lakini mtazamaji aliyekuwa na maana alikuwa mmoja tu, naye aliketi kwenye kiti cha heshima. Umati uliojaa pembeni ulikuwa sehemu ya pambo. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyomaliza mfumo wa chama kimoja, animasyo ilififia, na mwili wa mchezaji ukabaki na deni la shaka: anacheza kwa ajili ya nani?

Swali hilo ndilo linalopita katika kazi zote za Faustin Linyekula. Alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, mwisho wa reli ya kilomita 125 inayokwepa maporomoko ya Boyoma, akakulia Kisangani. Vyuo vikuu vilipofungwa alikwenda Nairobi mwaka 1993. Huko, mwaka 1997, alianzisha pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen kundi la Gàara, ambalo huhesabiwa kuwa kundi la kwanza la ngoma ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alirudi Kinshasa, nchi ikiwa imegawanyika kwa vita, akaunda Studios Kabako. Mwaka mmoja kabla, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana kwa mizinga katikati ya Kisangani.

Katika Le Festival des mensonges, kazi ya mwaka 2005, Linyekula alimgusa mtazamaji moja kwa moja. Hotuba za viongozi wa Kongo zilisikika kutoka katika vipaza sauti, taa za mirija zikasogezwa huku na huko mikononi mwa wachezaji, na hadhira ikapewa nafasi ya kula na kunywa kama katika baa. Hapa kuna jambo la kuangaliwa vizuri. Hotuba zilezile ambazo umati wa zamani ulilazimika kuzishangilia, sasa zinasikilizwa na mtu mwenye glasi mkononi, aliye huru kucheka au kuondoka. Animasyo imegeuzwa nje ndani.

Mwaka 2012 ukaja mgeuzo mwingine, safari hii huko Nancy, Ufaransa. Tarehe 25 Oktoba 1923, katika Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris, kundi la Ballets Suédois lilionyesha La Création du monde, kwa ngoma ya Jean Börlin, muziki wa Darius Milhaud, mapambo ya Fernand Léger na hadithi ya Blaise Cendrars. Iliitwa ngoma ya watu weusi, lakini waliocheza walikuwa Wazungu. Linyekula aliichukua kazi hiyo pamoja na Ballet de Lorraine, akamweka mchezaji Mwafrika kati ya wachezaji wa kundi hilo. Mtazamaji wa Nancy alilazimika kuona kile ambacho yule wa Paris hakukitafuta.

Hata hivyo lipo tatizo ambalo sifa za magazeti ya Ulaya haziliondoi. Mchango mkubwa wa fedha za kazi hizi hutoka ng’ambo, na hadhira yake ya kawaida iko Avignon, Vienna au Brussels. Kuhamia Kisangani, kuanzia mwaka 2006, kulikuwa jibu la vitendo: vijana kufundishwa mahali pao, na ngoma kuonyeshwa katika mitaa, hata Lubunga ng’ambo ya mto. Katika ua usio na pazia, mtazamaji haketi gizani. Hutoa maoni kwa sauti, huita jina la jirani anayecheza, na watoto huigiza mwendo kabla haujaisha. Yaani hurudi kuwa mtu aliye ngomani. Kuna wachezaji ambao kelele hizo zingewavuruga, lakini kazi iliyotungwa kwa ajili ya ukimya tu haina budi kujipima hapo.

Wako pia wasioweza kuhudhuria. Dinozord, ya mwaka 2006, ilitungwa kwa kumkumbuka rafiki aliyekufa, Kabako, ambaye jina lake lilipewa studio, na ilibeba pia maandishi ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyefungwa Makala baada ya kuuawa kwa Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001. Watazamaji walipata maneno yake bila kumwona. Vumilia alitoroka mwaka 2011 akakimbilia Sweden, na katika Sur les traces de Dinozord alisimama jukwaani mwenyewe, mbele ya hadhira ya Ulaya.